Kabari Tatu, Pikipiki Moja: Uzoefu Wangu wa Kulifunga Gurudumu Kwenye Tela

Nilipoanza kuulizia kabari ya pikipiki, yaani kile chuma kinachofungwa kwenye sakafu ya tela ili kulishika gurudumu la mbele, jibu nililolipata mara nyingi ni kwamba najisumbua bure. Shemeji yangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipakia pikipiki kwenye pikapu, alisema kwamba mikanda minne iliyokazwa vizuri inatosha na kwamba kabari ni pambo la watu wenye pesa ya kuchezea. Nilimwamini kwa sababu alizungumza kama mtu asiye na shaka hata kidogo, na pia, nikiri, kwa sababu ushauri wake haukunigharimu chochote siku ile.

Hata hivyo, moyo haukukubali kuliacha gurudumu bila kizuizi, kwa hiyo nilijitengenezea kabari ya mbao. Nilipigilia vipande viwili sakafuni kwa skurubu 6, nikaacha katikati yake nafasi ya tairi, kisha nikalaza kipande cha tatu mbele kama kizingiti. Nilikipaka rangi kile kitu. Pikipiki ilipoingia, ilisimama wima kwa muda uliotosha kupigwa picha moja, halafu ikaanza kuinama taratibu, kwa kuwa mbao zenye kimo cha sentimita 9 haziwezi kulisimamisha tairi lenye kimo cha sentimita 66. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilikaza mikanda kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikawasha gari.

Sikuwa nimefika mbali nilipotazama kwenye kioo nikaona usukani wa pikipiki umegeuka, kana kwamba pikipiki imeamua kukata kona ambayo mimi siijui. Nilisimamisha gari. Kilichotokea kilieleweka mara moja: kila tela lilipopita kwenye tuta, shokapu za mbele zilibonyea, mikanda ikalegea kwa kitambo kidogo, na katika kitambo hicho gurudumu likapanda juu ya ubao wa kushoto na kujigeuza. Lilipogeuka, mkanda wa upande mmoja ulipoteza mvutano kabisa na kulabu yake ikachomoka. Skurubu 3 zilikuwa zimeng'oka pamoja na vumbi la plaiwudi. Pikipiki haikuanguka chini, bali iliegemea ubavu wa tela, kioo chake kimoja kikiwa kimepasuka. Shemeji alipopewa habari hizo alisema kwamba sikukaza vya kutosha.

Kabari ya pili niliinunua. Ilikuwa bomba lililokunjwa kama upinde, la bei ndogo, na muuzaji alinihakikishia kwamba inafaa pikipiki zote. Hakuna kabari ya aina hiyo inayofaa pikipiki zote. Tairi langu la mbele limeandikwa 110/80-19, maana yake ni kwamba upana wake ni milimita 110, ubavu wake ni asilimia 80 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 19. Lile bomba lilikuwa na nafasi ya milimita 90 hivi, kwa hiyo tairi liliishia mlangoni na kubaki likibanwa kwa ncha tu. Nilipomwomba fundi wa kuchomelea alipanue, tairi liliingia, lakini sehemu ya juu ya upinde ikagonga madigadi. Gharama ya fundi ilikaribia bei ya bomba lenyewe, na sipendi kuizungumzia sana. Kabla ya kununua, soma namba zilizo ubavuni mwa tairi lako, kisha upime mwenyewe nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi, na uangalie diski ya breki inakaa upande gani.

Ya tatu ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Mimi huiita kabari ya pembea, kwa sababu ina kitako kinachobembea juu ya ekseli ndogo. Gurudumu linapoingia hukanyaga mdomo wa nyuma wa kitako, likavuka katikati, na papo hapo kitako chote hupinduka mbele kwa mlio wa "kla!", huku mdomo wa nyuma ukiinuka na kulibana tairi kwa nyuma. Pikipiki husimama wima yenyewe. Mara ya kwanza niliiachia mkono mmoja, nikaiachia wa pili, nikarudi nyuma hatua mbili nikiwa bado nimenyoosha mikono kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Kitako hicho kina matundu ya kukisogeza ili kiendane na ukubwa wa rimu, na ukikosea tundu hakitapinduka au kitapinduka bila kubana. Bei yake ilikuwa mara tatu au nne ya lile bomba. Ukijumlisha bomba, fundi, mbao, rangi na kioo kipya, nadhani ningenunua kabari hii na chenji ikabaki.

Jambo ninalojivunia zaidi ni namna nilivyopata mahali pa kuifunga. Watu wengi huitoboa sakafu mbele kabisa au katikati, kwa kukadiria macho. Shingo ya tela, pale linapoungwa na gari, inatakiwa kubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Ikibeba kidogo mno, tela huyumba mkia likiwa kwenye mwendo, na ikielemewa, gari huinamia nyuma. Tela langu tupu lina kilo 180 na pikipiki ina kilo 210, kwa hiyo nilihitaji angalau kilo 39 shingoni. Niliibana kabari kwa muda bila kutoboa chochote, nikapandisha pikipiki, nikaiegesha shingo ya tela juu ya gogo lililokaa kwenye mizani ambayo mke wangu hujipimia uzito, tela likiwa limelala sawasawa kama linavyokuwa likiungwa na gari. Mizani ilisoma kilo 24. Nilisogeza kabari mbele sentimita 20, nikapima tena, ikasoma 44. Hapo ndipo nilipochora chaki na kuchukua drili. Mke wangu bado anauliza kwa nini mizani yake ina alama ya gogo.

Nilitumia bolti zinazopenya sakafu nzima, si skurubu, na chini yake nikaweka bamba la chuma ili nguvu isiikate plaiwudi. Mikanda haikuondolewa kazini. Miwili ya mbele huifunga kwenye kile chuma kinachoziunganisha shokapu chini ya usukani, kamwe si kwenye usukani wenyewe, na miwili ya nyuma huzuia mkia usirukeruke kwenda pembeni. Kwa kuwa kabari ndiyo inayoshikilia gurudumu, sihitaji tena kuzibonyeza shokapu mpaka mwisho, jambo linaloweza kuharibu sili zake, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje. Nikishatembea kama kilomita 20, husimama nikaigusa mikanda yote minne.

Zile mbao zilizopakwa rangi sikuzitupa. Huziweka mbele na nyuma ya magurudumu ya tela ninapopakia, na kwa kazi hiyo zinafaa sana. Tela lenyewe huliacha limeungwa na gari, kwani siku moja nilisukuma pikipiki kwenye ubao wa kupandishia tela likiwa peke yake, na shingo yake ikainuka hewani huku mimi nikiwa katikati ya ubao, pikipiki mkononi.