Matundu Mawili Chini ya Mpira

Mpwa wangu alikuwa na siku nne tu Cape Town alipoumwa na sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya na mapezi. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba 2024, ufuo wa Big Bay, ng'ambo ya ghuba kutoka Mlima Meza. Mei ya mwaka huohuo, palepale, sili mmoja aliwauma watu kadhaa waliokuwa wakiteleza mawimbini ndani ya dakika chache. Juni vipimo vikathibitisha kwamba sili wa Cape wamepata kichaa cha mbwa. Sote tunaoingia majini pale tulilijua hilo, na tuliendelea kuingia. Tulichobadilisha ni namna ya kumtazama sili.

Tuliingia saa moja na robo asubuhi, kabla upepo wa kusini-mashariki haujapanda, maana ukishapanda ufuo ule huwa wa wenye matanga. Maji yalikuwa nyuzi 13. Mpwa nilimpa ubao wa sponji wa futi 8 wa kutelezea mawimbini na suti ya mpira, unene wa milimita 4 kifuani na 3 miguuni na mikononi. Naitaja milimita hiyo kwa sababu ndiyo iliyokaribia kutudanganya baadaye.

Nilikuwa nimemweleza kwamba sili si nguva. Sili wa Cape ana masikio madogo ya nje na hutembea nchi kavu kwa mapezi yote manne. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na simba-bahari wa California kuliko na wale sili wasio na masikio wa Ulaya. Jike huwa na kilo 60 hivi, dume mzima hufika 250 na zaidi. Meno yake ni ya mbwa kabisa, chonge juu na chini. Akiwa mzima hupita, hukuchungulia, huzama, hutokea mbali. Ukimkuta ufukweni mpishe kwa mbali, na usisimame kati yake na maji, kwa sababu hiyo ndiyo njia yake ya kukimbilia.

Wa kwanza tuliyemwona asubuhi ile alikuwa amelala ubavu juu ya maji, pezi moja limesimama hewani.

"Mjomba, yule amekufa?"

"Hajafa. Anajipasha joto."

Ndivyo wanavyofanya. Pezi halina manyoya mazito kama mwili, mishipa yake ya damu iko karibu na ngozi, kwa hiyo wanalitoa nje ya maji baridi kulinda joto lao au kuliotesha jua. Watu wengi wasiolijua hilo humwonea huruma, wakamfuata kumsaidia. Ni kosa kubwa, kwa mtu na kwa sili. Tulimwacha, tukasogea pembeni.

Wa pili alikuja dakika ishirini baadaye kutoka upande wa kaskazini, na huyo hakuchungulia. Alikuja moja kwa moja, kichwa na shingo nje ya maji, bila kuzama, akaupita ubao wa dada mmoja karibu kabisa bila hata kumgeukia, kisha akabadilisha njia na kutujia sisi. Sili mzima akikaribia hupunguza mwendo. Huyu aliongeza. Ukiona hivyo usingoje umwone vizuri zaidi. Lala kifudifudi katikati ya ubao, miguu ikunje juu, vuta maji kwa mikono, mara mbili tatu za nguvu, kuelekea ufukweni. Akikufikia kabla hujaondoka, shuka upande wa pili na uweke ubao kati yako na yeye, uushike kwa kingo zake zote mbili. Usimpige. Usinyooshe mkono kumsukuma.

Mimi nilichelewa kusema "lala". Nilisema "geuka", na mtu asiyezoea akiambiwa ageuze ubao hukaa wima na kuzungusha miguu chini kama anayekanyaga baiskeli. Ndivyo alivyofanya. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya maji hadi gotini sili alipofika. Alimuuma kwenye shavu la mguu, akashikilia, akatikisa mara moja, akaachia, kisha akaurudia ubao na kuuma ukingo wake. Nilisukuma ubao wangu katikati yao. Mkururo wa mawimbi ulikuwa unaingia, povu likatubeba sote wawili hadi maji ya magotini. Sili alibaki nyuma akigonga kichwa hukohuko kwenye mwani.

Kazi ya kwanza ufukweni ilikuwa kuwapungia wengine watoke, kwa sababu sili wa aina hiyo haumi mtu mmoja akaridhika. Walitoka watu tisa. Mmoja wao alipiga simu ya dharura ya manispaa, akaeleza mahali, saa na upande aliokuwa akielekea sili.

Kisha nikautazama mguu. Suti haikuwa na tundu. Ule mpira wa milimita 3 ulikuwa na vibonyeo viwili tu, upana wa vidole viwili kati yake, na vilikuwa vinajijaza taratibu mbele ya macho yangu.

"Hamna kitu, mjomba. Imenibana tu."

Nilimwambia avue. Watu huishia hapo, wakaona suti nzima, wakarudi kazini Jumatatu. Mpira hunyumbuka: jino linausukuma hadi ndani ya ngozi, likitoka mpira unarudi mahali pake na kujifunga. Tulivuta suti chini kwenye maegesho, tukaukausha mguu kwa taulo, nikausogeza kwenye mwanga. Palikuwa na matundu mawili. Moja lilikuwa na tone la damu. La pili halikutoa damu kabisa, kingo zake nyeupe, limevimba kidogo, kama ngozi iliyochomwa na mwiba wa ngogo. Ngozi ikishatobolewa, hata kwa ukubwa wa ncha ya sindano, jeraha la kichaa cha mbwa linahesabiwa katika daraja la juu kabisa la hatari, sawa na nyama iliyochanwa.

Ndani ya gari huwa nina dumu la lita 5 la maji ya vuguvugu la kujimwagia baada ya kutoka baharini, na kipande cha sabuni. Dumu lile liliisha ndani ya dakika tatu. Tukahamia bomba la mvua la ufukweni. Jeraha linatakiwa kuoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na dakika hizo zihesabiwe kwa saa, kwa kuwa mtu anayetetemeka kwa baridi huona dakika nne ni nusu saa.

"Imetosha, mjomba. Si maji ya chumvi yameshasafisha? Nyumbani chumvi ndiyo dawa."

Hata mimi nimelelewa hivyo Tanga. Ukikatwa na chaza unarudi baharini kuosha. Lakini kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na kinachoupasua utando wa mafuta ni sabuni. Chumvi ya bahari haishiki nafasi ya sabuni. Nilimsugua taratibu kuzunguka matundu, nikiyafungua kidogo kwa vidole vyenye glavu ili maji yaingie, hadi saa ikafika. Baadaye tukapaka dawa ya ayodini. Hatukufunga bandeji ya kubana, wala hatukuweka majivu, pilipili au mafuta ya taa kama inavyofanyika bado katika nyumba nyingi kwetu.

Zahanati ya kwanza tuliyofika, nesi alitupokea vizuri, akamchoma sindano ya pepopunda, akatuambia turudi nyumbani. Sili hana kichaa cha mbwa, alisema. Simlaumu sana, kwa sababu alisema alichofundishwa. Kabla ya hapo kisa pekee kilichokuwa kimeandikwa duniani ni cha sili mmoja wa Svalbard, huko Aktiki, mwaka 1980. Kwa sili wa Cape ugonjwa uligunduliwa baada ya watafiti kurudi kwenye sampuli za ubongo walizokuwa wamezihifadhi, wakakuta umekuwepo tangu Agosti 2023, na vinasaba vya kirusi vinafanana na vya bweha wa Namibia, ambako sili na bweha hukutana ufukweni. Nilimweleza hayo kwa heshima. Akaniuliza kama yule sili amekamatwa, ili asubiriwe siku kumi.

Hapo ndipo nilipoona tatizo lenyewe. Hata Tanga mbwa akimuuma mtu, mnyama hufungwa na kutazamwa siku 10. Akiwa hai na mzima siku hizo zikiisha, mate yake hayakuwa na kirusi siku aliyouma. Kanuni hiyo ni ya mbwa na paka. Sili haijamhusu. Na huyu wetu alikuwa baharini, hapakuwa na wa kumfunga. Aliyeumwa na sili hangoji mnyama, hangoji dalili, hangoji hata Jumatatu. Dalili zikishaanza, tiba ya kumrudisha mtu haipo.

Hospitali ya pili ilikuwa mwendo wa nusu saa. Kule mlangoni nilisema sentensi moja tu, na ninashauri kila mtu aseme hivyohivyo: ameumwa na sili leo saa mbili kasoro, ngozi imetoboka, hajawahi kuchanjwa kichaa cha mbwa. Kila kipande cha sentensi hiyo kina kazi yake. Aliyewahi kumaliza chanjo hupata dozi mbili tu, siku ya kwanza na siku ya tatu baada yake, na hahitaji kingamwili, yaani kinga iliyotengenezwa tayari. Asiyewahi huhitaji vyote.

Daktari alimpima uzito: kilo 60. Kingamwili za binadamu hutolewa uniti 20 kwa kila kilo, kwa hiyo uniti 1,200. Hizo huingizwa ndani na pembeni mwa jeraha lenyewe, kadiri nafasi ya nyama inavyoruhusu. Niliangalia sindano ikiingia kwenye kila tundu, polepole, ngozi ikiinuka kama imewekewa ushanga chini yake. Mpwa alikamata kingo za kitanda, na mimi nikamshika bega. Ni sindano inayouma kuliko meno ya sili, lakini ndiyo inayokiwahi kirusi mlangoni. Kirusi hiki hakisafiri kwa damu. Hupanda kwenye neva kuelekea ubongoni, kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu. Chanjo huuchukua mwili siku saba au zaidi kuitikia, na kingamwili za sindano hulinda siku hizo za katikati. Ndiyo sababu baada ya siku ya saba tangu dozi ya kwanza ya chanjo hazitolewi tena.

Chanjo yenyewe ilichomwa kwenye msuli wa bega, mbali na kingamwili, kamwe si kwenye kalio ambako mafuta huizuia kufanya kazi. Tarehe zikaandikwa kwenye kadi: siku ya 0, ya 3, ya 7 na ya 14. Matundu hayakushonwa. Akapewa na viuavijasumu vya kawaida vya kuumwa na mnyama, na daktari akaongeza jambo ambalo wavuvi wa Kaskazini wanaliita kidole cha sili: ukiumwa mkononi na siku chache baadaye kidole kikavimba na kukakamaa kiungo, dawa za jamii ya penisilini hazikiponyi, zinatakiwa za jamii ya tetrasaiklini, na mwambie anayekutibu kwamba ulishikana na sili, maana bila hilo hatalifikiria.

Tulirudi siku ya 3 na ya 7. Mguu ulipona haraka, na hapo ndipo hatari nyingine hukaa, kwa sababu mtu aliyepona mguu huona hana deni na sindano. Siku ya 9 ilikuwa safari yake. Nilimfungia kadi ndani ya pasipoti kwa mpira. Chanjo hatukuibeba, inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 muda wote, na begi la ndege haliwezi hilo. Nilimwambia: ukifika Tanga, hata wakikuta chupa ina jina lingine, chukua, hauanzi upya. Dozi huhesabiwa, jina la kampuni halihesabiwi.

Siku ya 14 nilikuwa karakanani, nimeuweka ule ubao wa sponji mezani. Ukingoni mwake palikuwa na matundu manne, mawili juu, mawili chini, na sponji ilikuwa imenyonya maji. Nilikuwa naukata sehemu iliyolowa simu ilipolia. Alikuwa ametuma picha ya kadi. Nafasi ya nne ilikuwa imejazwa, muhuri wa wino wa bluu, na kwenye mstari wa mnyama, ambapo mwandiko wa Cape Town uliandika kwa Kiingereza, mkono mwingine ulikuwa umeongeza chini yake: sili, wa baharini.

"Sista ameniuliza maswali nusu saa, mjomba," aliandika. "Amesema nimwambie tena ile ya sabuni."