Kabla ya Kununua Kichujio cha Kelele ya Injini

Mwenye gari anayelalamika hapa Nairobi kwamba redio yake ya mawasiliano hunguruma kila injini inapowaka huuziwa kichujio kabla ya mtu yeyote kuuliza kelele yenyewe inaingilia wapi. Napinga desturi hiyo kwa dhati. Kichujio kinachofungwa kwenye waya wa umeme hakiwezi kuzuia kelele inayopenya kupitia antena, na katika magari ya petroli ambayo nimewahi kuyashughulikia, mara nyingi antena ndiyo iliyokuwa mlango.

Kila plagi inaporusha cheche, umeme wa maelfu ya volti huvuka mwanya mwembamba kwa ghafla, na mshtuko huo hutoa mawimbi ya redio yanayotapakaa katika masafa mengi kwa pamoja, hadi VHF (masafa ya juu sana) na kuendelea. Mitambo ya kwanza ya Marconi, mmoja wa waanzilishi wa mawasiliano ya redio, ilituma ujumbe kwa cheche za namna hiyo hiyo. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 800 kwa dakika hurusha cheche takriban 27 kila sekunde, na sikio huzisikia kama tiki-tiki za mfululizo. Ikifika mizunguko 3,000, cheche huwa 100 kwa sekunde na tiki-tiki hizo huungana kuwa mngurumo mmoja. Redio za AM na SSB, ambazo hubeba sauti kwa kubadilisha nguvu ya mawimbi, zikiwemo za megahezi 27 na zile za HF (masafa mafupi) zinazofungwa katika magari ya safari za mbali, huumia zaidi kuliko za FM, ambazo hubeba sauti kwa kubadilisha masafa, kwa sababu FM hukata vilele vya ghafla vya nguvu ya mawimbi kabla havijafika kwenye spika. Hata hivyo, anayekuita kutoka mbali kwa mawimbi hafifu anaweza kumezwa na kelele hata kwenye FM.

Uchunguzi uanzie mahali patulivu. Katikati ya jiji kuna nyaya za stima, mabango ya kielektroniki na chaja za kila aina, na huwezi kujua kelele ya gari lako ni ipi. Mimi hupendelea kutoka kuelekea Kiserian, niegeshe mbali na nyaya, nizime injini na kusikiliza kwanza ukimya wa redio ulivyo. Ukilazimika kufanya hivyo barabarani, angalia pia aliye kando yako: bodaboda inayosubiri taa pamoja nawe inaweza kuijaza redio yako cheche zake, na kelele ikipanda anapovuta mafuta yeye, gari lako halina hatia.

Baada ya hapo, tenganisha aina za kelele. Ng'oa chaja ya simu na kamera ya dashibodi, kisha ufungue ufunguo bila kuwasha injini. Mvumo wa sekunde chache ukisikika na kukoma, huenda ni pampu ya mafuta. Sasa washa injini. Gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, pandisha mizunguko hadi 2,000 hivi, kisha urudishe ufunguo nyuma huku redio ikiendelea kupata umeme wa betri. Kelele ya cheche hukatika papo hapo, ilhali filimbi ya alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, hushuka taratibu kadiri injini inavyopoteza mwendo. Gari la dizeli halina plagi za cheche, kwa hiyo ndani yake tafuta alteneta, mota na vifaa vya kielektroniki.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokithamini kuliko vyote: chomoa waya wa antena nyuma ya redio injini ikiwa inanguruma. Kelele ikitoweka, ilikuwa ikiingia kwa mawimbi. Ikibaki, imepitia kwenye nyaya za umeme. Usibonyeze kitufe cha kuzungumzia wakati antena imechomolewa, kwani unaweza kuunguza sehemu ya redio inayotuma mawimbi.

Kelele iliyobaki hutibiwa kwa kuacha kuchukua umeme kwenye tundu la kuwashia sigara. Vuta waya wa chanya moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri hiyo, na uupitishe mbali na nyaya za koili inayozalisha umeme wa cheche. Hapo, na hapo tu, kichujio kina kazi ya kufanya.

Kelele iliyotoweka ulipochomoa antena inakurudisha chini ya boneti. Nunua plagi zenye kizuizi cha umeme (rezista) ndani, ambazo watengenezaji kama NGK na Denso huzitambulisha kwa herufi R, lakini usiiamini herufi peke yake, maana plagi bandia zipo sokoni. Ninapokwenda Kirinyaga Road hubeba mita ya umeme na kupima kutoka kichwa cha plagi hadi ncha ya katikati: plagi ya kweli ya aina hii husoma karibu omu 5,000, na inayosoma karibu na sifuri haina kizuizi, hata kama imeandikwa nini. Nyaya za plagi nazo zilinganishwe kwa kuzingatia urefu wake. Unaosoma juu kupita kiasi, au usiosoma kabisa, umekatika ndani, na cheche inaruka mahali pasipotakiwa. Nyaya zenye kiini cha chuma kitupu, ambazo vijana huzifunga kwa sababu ya rangi zake, hutawanya mawimbi kuliko zile za kaboni. Majira ya mvua ndefu huanika udhaifu huu: fungua boneti gizani injini ikiwa imewaka, usiguse chochote, na utaona vimulimuli vya buluu mahali umeme unapovuja.

Kazi inayopuuzwa zaidi ni kuunganisha vyuma. Boneti iliyoshikwa na bawaba zenye rangi na grisi haijaungana vema na bodi, kwa hiyo haizuii mawimbi yanayotoka kwenye injini. Funga utepe bapa wa shaba iliyosukwa, mfupi kadiri inavyowezekana, kati ya boneti na bodi, mwingine kati ya injini na bodi, na mwingine kwenye bomba la moshi, ukikwangua rangi hadi chuma king'ae. Kitako cha antena kinahitaji usafi huo huo. Upana una maana hapa, kwa kuwa umeme wa masafa ya redio hupita kwa shida kwenye waya mwembamba mrefu, hata kama mita inaonyesha kwamba waya huo ni mzima.

Kitufe cha NB (kizuia tiki-tiki) kwenye redio hupunguza mabaki ya tiki-tiki, nacho nakikubali baada ya kazi hizi zote. Kile cha kunyamazisha redio wakati hakuna anayezungumza sikikubali kama tiba: ukikikaza mpaka kelele isisikike, umemfungia nje pia dereva mwenzako aliyekwama mbali, ambaye mawimbi yake yanakufikia kwa shida.