Daftari la safari ya Iringa

Lilikuwa daftari la kurasa 48, jalada la bluu, lilelile wanalotumia watoto shuleni. Nililinunua mwanzoni mwa Desemba 2019, nikaandika juu yake: IRINGA. Mama yangu alikuwa amepiga simu kwa mara ya tatu kuuliza wajukuu zake wanakwenda lini, na safari hii nilimjibu kwamba tunakuja, na gari naendesha mwenyewe.

Akanyamaza kidogo. "Peke yako, mwanangu? Na watoto watatu?"

"Peke yangu, mama."

Nilikuwa nimeachana na baba yao miaka miwili nyuma. Kabla ya hapo, safari za Iringa zilikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyejua gari liingie gereji lini, mafuta yajazwe wapi, askari wenye tochi za kupima mwendo hupenda kukaa kona gani. Mimi nilikaa kiti cha kushoto, namenya machungwa, nageuka nyuma kuamua ugomvi wa watoto. Sasa kiti kile hakikuwa na mtu mzima wa kukikalia.

Kupanda basi sikutaka. Mwanangu wa kati, miaka 7 wakati ule, kwenye basi alikuwa anatapika hata Kibaha hatujafika. Halafu kuna suala la kuchimba dawa. Basi linasimama porini, konda anapiga kelele kwamba ni dakika tano tu, kila mtu anakimbilia kichakani. Mama mwenye watoto watatu amshushe nani, amwache nani?

Kaka yangu alinipa moyo. "Dada, Iringa ni masaa saba tu. Ukitoka alfajiri, cha mchana unakula kwa mama." Nilimshukuru, ila hesabu zile zilikuwa za mtu anayesafiri na begi moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500. Kila kijiji mwendo unashuka hadi 50, na vijiji vya njia ile ni vingi. Barabara ya Kimara hadi Kibaha nayo ilikuwa inapanuliwa, vumbi na foleni. Juu ya hayo niliweka kusimama kila baada ya saa moja na nusu, kwa sababu ya vibofu vya watoto na kwa sababu ya macho yangu, maana nikichoka hakuna wa kunipokea usukani. Nikaandika: masaa kumi na moja. Tukiondoka saa kumi alfajiri, saa tisa alasiri tumefika, na giza halitukuti njiani.

Gari letu ni Toyota IST, gari dogo. Fundi wa mtaani kwetu Tabata aliangalia breki, fanibelti na rejeta, akataka pia kukagua tairi la spea. Nikamwomba anielekeze mimi. Nililegeza nati kwa kusimama juu ya spana na uzito wangu wote, nikapiga jeki, nikachomoa tairi, nikafunga la spea, kisha nikarudisha lile la mwanzo. Binti yangu mkubwa, miaka 11, alichuchumaa pembeni ameshika nati zote nne kwenye kiganja zisipotee mchangani. Nilirudia mara tatu, jua la saa saba linachoma mgongo, mpaka fundi akasema, "Mama, basi, umeweza." Usiku ule ndipo niliposadiki kwamba tutafika.

Kwa ajili ya matapishi, zamani ningebeba rambo kumi, lakini mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu Juni Mosi mwaka uleule. Nikaosha kindoo cha lita tatu chenye mfuniko. Nikaongeza malimau mawili ya kunusa, chapati, mayai ya kuchemsha na kanga mbili kuukuu. Ukurasa wa mwisho ukawa wa vituo: Chalinze, choo. Morogoro, chai. Doma, choo, LAZIMA.

Hiyo LAZIMA niliipigia mistari miwili. Ukishapita Doma unaingia Hifadhi ya Mikumi, na barabara inakatiza ndani yake kilomita 50. Mle humshushi mtoto garini. Simba hawaombi radhi.

Hadi Morogoro mambo yalikwenda kama nilivyoandika. Tulikunywa chai, milima ya Uluguru imejifunika mawingu, mwanangu wa kati ananusa limau lake na hajatapika hata mara moja. Doma tulisimama kwenye mgahawa ambao choo chake kilikuwa uani, kule ambako gari halionekani. Kitinda mimba, miaka 4, alikuwa amelala, jasho limemlowesha shingo. Wakubwa wakaenda pamoja, mimi nikabaki nimeegemea mlango wa gari. Wakarudi, na wa kati akasema yeye hakukojoa, hajisikii.

Nilikuwa nimebanwa tangu Morogoro. Nikatazama kule uani, nikatazama malori yaliyopaki kandokando ya barabara, nikamtazama mtoto aliyelala. Katika kurasa zote zile nilipanga choo cha kila mtu, nikasahau kuandika nani angebaki na watoto nikienda mimi. Nikawasha gari.

Pale hifadhi inapoanza kuna bango lenye orodha ya wanyama, na faini ya kila mmoja ukimgonga. Wa kati akalisoma kwa sauti. Halafu matuta, moja baada ya jingine, na kila tuta nililisikia chini ya kitovu. Tulipofika kama katikati, sauti ikatoka nyuma: "Mama, mkojo."

Nilisogea pembeni, nikawasha taa za hatari, milango ikiwa imefungwa. Dada yake akafungua kindoo, akakishika kwa mikono miwili. Mtoto akasimama amejikunja kati ya viti, na mbali kidogo, chini ya mti, tembo wanne walikuwa wanapunga masikio. "Mama, wananiona!" Tulicheka sote, hata kitinda mimba akaamka. Mimi nilicheka nimeuma meno, mkono mmoja tumboni. Kwenye kioo nikakutana na macho ya binti yangu. Alikuwa ameacha kucheka.

Mji wa Mikumi nilisimama sheli ya kwanza. Kabla sijasema neno, binti alikuwa ameshashuka na wadogo zake, mmoja kila mkono, anaelekea kwa mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mlangoni pa duka la pale.

"Shikamoo, mama. Tunaomba tukae hapa kwako. Mama yetu anakwenda msalani."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni, kaeni." Akawasogezea benchi. Binti akanigeukia: "Mama, nenda. Usikimbie."

Niliporudi nilinunua ndizi mkungu mzima.

Mlima wa Kitonga tulipanda nyuma ya malori, AC nimeizima, gia ndogo, taratibu. Kwa mama tulifika saa kumi na nusu, nimechelewa saa moja na nusu kwa hesabu ya daftari. Alikuwa amekaa kibarazani, miguu imefungwa kitenge, na akatupokea kwa "Kamwene!" yake, salamu ya Kihehe, machozi yanamtoka.

Tulikaa wiki mbili. Siku moja kabla ya kurudi nililitafuta daftari nipange vituo vya kurudia, nikakuta ukurasa umeshaandikwa kwa penseli, mwandiko wa binti yangu, vituo vyote kutoka Ilula hadi Kibaha. Mstari wa Mikumi alikuwa ameupigia mistari miwili chini, kama nilivyofanya mimi kwa Doma:

"Mikumi, choo. Mama kwanza. Watoto nitakaa nao mimi."