Kabla ya kununua dawa ya binti yetu

Karatasi ya daktari bado imo kabatini, na dawa iliyoandikwa humo, fluoksetini, hatujainunua. Binti yetu ana umri wa miaka 15. Tangu kabla ya Ramadhani halali vizuri, anakula kwa kubembelezwa, na wenzake wakimpitia kwenda ufukweni Raskazone hataki hata kutoka chumbani. Siku aliyomwambia shangazi yake kwamba angependa alale asiamke, tulimpeleka hospitali ya Bombo, hapa Tanga. Daktari alimsikiliza kwa utulivu, akatuambia kuwa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na kwamba kwa ilipofikia, mazungumzo na mshauri peke yake huenda yasitoshe.

Mume wangu anahofia kwamba dawa yenyewe inaweza kumzidishia mawazo ya kujiua. Hofu yake ina msingi, nami naiheshimu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za sonona ziwekewe onyo kali, kwa kuwa katika majaribio yaliyohusu watoto na vijana, mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa takriban asilimia 4 ya waliopewa dawa, ilhali kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ilikuwa asilimia 2. Tulipomuuliza daktari hakukwepa. Alisema kwamba katika majaribio hayo hakuna aliyekufa kwa kujiua, lakini wiki za mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa, mtoto asikose mtu wa kumwangalia kwa karibu.

Mimi nimeshikilia utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wa vijana 439 wenye umri wa miaka 12 hadi 17, ambamo baada ya wiki 12 asilimia 71 ya waliopata fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo walikuwa na nafuu kubwa, huku kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa wakiwa asilimia 35. Hiyo 35 nayo inanifikirisha sana, maana wapo waliopata nafuu bila dawa. Ila sijui kama binti yangu angekuwa miongoni mwao, na kungoja ili nijue kunanitisha kuliko kidonge.

Mama mkwe amekuja kutoka Pangani na kombe, yaani aya za Kurani zilizoandikwa ili zioshwe kwa maji na mgonjwa ayanywe. Sijamzuia, kwa sababu anapomsomea mjukuu wake humkalisha karibu na kumshika mkono, na mtoto hutulia. Nilimwomba jambo moja tu: “Mama, kombe lisitutoe hospitali.” Akakubali.

Binti mwenyewe aliuliza mawili: iwapo shuleni watajua, na iwapo atameza dawa maisha yake yote. La pili lina jibu: kwa kawaida dawa huendelea kwa miezi kadhaa baada ya nafuu, kisha hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari, haikatizwi ghafla. La kwanza niliweza kumwahidi tu kwamba hawatasikia kutoka kwetu.

Leo tumekubaliana aanze, naye ameridhia. Vidonge nitavitunza mimi, bibi yake atalala naye chumba kimoja, na kliniki tutahudhuria kila wiki. Mume wangu ameongeza sharti lake, nami nimelipokea kwa moyo wote: tukimwona anahangaika kuliko kawaida, hatulii wala halali, au anarudia maneno yale, tunarudi Bombo saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.