Hesabu mabafu kabla ya vitanda

Mji Mkongwe, Zanzibar, masika.

Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haijakatika. Siku kama ya leo wengi hujifungia ndani, nayo ndiyo siku ambayo mtu anayetaka kuigeuza nyumba kongwe kuwa nyumba ya wageni inampasa atoke akaitazame. Wakati wa kaskazi, jua linawaka na kuta zimepakwa chokaa jana, kila nyumba ya mtaa wa Kiponda au Mkunazini huonekana nzima. Ikinyesha saa nne mfululizo, nyumba hujisema yenyewe. Utaona mlizamu gani wa kutolea maji ya paa umeziba na unamwagia ukuta maji badala ya njia, kona gani ya dari imepata weusi, na chumba gani kinanuka udongo uliorowa ingawa madirisha yako wazi.

Sisi tunataka nyumba hizi zifunguliwe. Nyumba iliyofungwa haina wa kuzibua mlizamu wala wa kuona bati lililoinuka, na ndani ya masika machache dari la juu limeshakaa juu ya dari la chini. Mgeni anayelipa hulipia pia mtu wa kuiangalia nyumba kila siku. Lakini biashara hiyo hiyo inayoiokoa nyumba huileta karibu na adui wake, maana wageni huja na maji. Waliojenga kuta hizi walioga kwa kata na ndoo. Ukiweka vyumba sita vyenye mabafu sita, na ukapanga lita 150 kwa kila mgeni, wageni kumi na wawili watapitisha lita 1,800 kwa siku ndani ya jengo lililofungwa kwa chokaa, udongo na miti. Ndiyo maana swali la kwanza si vitanda vingapi vitaingia. Swali ni mabafu mangapi nyumba hii inaweza kuyabeba bila kuoza, na yatakaa wapi.

Tuanze na ukuta, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na unene wake ni kama nusu mita, mara nyingi zaidi. Jiwe la tumbawe lina matundu. Hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha huyatoa kidogo kidogo kupitia lipu ya chokaa. Unyevu ukiwa na njia ya kutoka, ukuta unaishi. Mtu akija na saruji, akapiga lipu ngumu ya inchi moja hadi kifuani, njia ile imefungwa. Maji hayarudi chini, yanapanda. Utayakuta mwaka wa pili juu ya pale saruji ilipoishia, yamebeba chumvi, na chumvi ile ikikauka huvimba na kusukuma lipu. Ichukue mkononi lipu iliyobanduka namna hiyo uitazame upande wa nyuma: imebeba ganda la jiwe lenyewe, na juu yake kuna unga mweupe unaowasha ulimi. Saruji haikuanguka peke yake, imeondoka na ukuta.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba hizi, ukiuziba ufa kwa saruji utaujenga ukuta vilevile.

Basi lipu yote ya saruji itoke, kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutikisa. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke. Hapa ndipo wawekezaji hukosa subira, na tunawaelewa, kwa sababu kodi inahesabika kila mwezi. Lakini ukuta wa nusu mita haukauki kwa wiki mbili. Hesabu miezi, na kipindi kizima cha kaskazi ndicho kipimo cha chini kabisa. Ukiupiga lipu mbichi utairudia kazi wageni wakiwa ndani.

Chokaa nayo ina adabu zake. Iliyotoka tanuuni hutiwa majini, ikachemka na kupasuka, ikachungwa, kisha ikahifadhiwa chini ya maji kama uji mzito. Miezi mitatu ni mwanzo mzuri. Ikikaa zaidi ni bora zaidi, maana huwa laini na haitoi vipele ukutani baadaye. Changanya karai moja la chokaa kwa makarai matatu ya mchanga. Mchanga wa ufukweni usiutie kabisa, kwa sababu chumvi yake itaita maji kwenye ukuta kila hewa inapojaa unyevu. Ukuta ulowe kwanza, mashimo makubwa yatomewe kwa vijiwe na chokaa, ndipo lipu ipigwe kwa mapigo membamba, kila pigo lisizidi sentimita moja hivi, na baina ya pigo na pigo ipite kama wiki. Chokaa haikauki tu kama udongo wa juani. Huvuta hewa ukaa polepole na kugeuka jiwe tena, na kwa hilo inahitaji kubaki na unyevu. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta unaopigwa jua. Fundi anayemaliza ukuta mzima kwa siku moja na kuuacha jua la adhuhuri limalizie, ataitwa tena baada ya nyufa kutokea.

Sasa boriti. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, upana wake mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu huo ndio urefu ambao mti wa mkoko unaweza kuvuka huku umebeba dari zito. Juu ya boriti kuna mawe bapa, na juu ya mawe kuna sakafu ya chokaa na kokoto iliyopigwa kwa fito siku nyingi mpaka ikashikana. Unene wake wote ni kama sentimita 30 au zaidi. Na kila paa tambarare lilipovuja zamani, watu waliongeza tabaka jengine juu ya lile la kwanza. Yako mapaa yenye matabaka ya vizazi vitatu, na boriti ni zile zile.

Boriti huoza kichwani, pale inapoingia ukutani, kwa sababu pale ndipo ukuta uliorowa unapoikumbatia na hewa haifiki. Katikati yake inaweza kuwa ngumu kama chuma, wewe ukaridhika. Chukua bisibisi nyembamba, ichome sentimita mbili kutoka ukutani. Mti mzima huikataa ncha baada ya milimita mbili tatu. Mti uliooza huimeza mpaka mpini, na bisibisi ikitoka huja na unga wa kahawia kama tumbaku. Fanya hivyo kwa kila kichwa, pande zote mbili, chumba hadi chumba, na uandike kwa chaki. Ni kazi ya siku mbili kwa nyumba ya kawaida na huokoa kila kitu kinachofuata.

Kubadilisha, badilisha moja moja, wala usitoe mbili zilizo jirani kwa wakati mmoja. Kwanza simamisha mirunda juu ya ubao, na mirunda hiyo iendelee ghorofa kwa ghorofa mpaka ardhini, kwa sababu ukiisimamisha juu ya dari la chini umehamisha mzigo tu. Kichwa cha boriti mpya kikae juu ya jiwe, kijengewe kwa chokaa, na kiachiwe nafasi ya hewa pembeni. Mikoko iko chini ya ulinzi, hivyo nunua kwa mwenye kibali au tumia mbao ngumu iliyopasuliwa. Nondo na vyuma vya kuchomeka ukutani hatuvipendi. Hewa yetu ina chumvi. Chuma kikishika kutu huvimba, na ukuta hupasuka kutoka ndani.

Na kifusi! Ukivunja ghorofani, kifusi kishuke siku hiyo hiyo. Mita moja ya ujazo hupita tani moja, na vibarua hupenda kukirundika kona ya chumba wakisubiri mkokoteni, kwa kuwa kwenye vichochoro gari haliingii. Dari lililosimama miaka mia huweza kuanguka wiki ya kwanza ya ukarabati kwa sababu hiyo tu. Kila mtu hapa anaikumbuka Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilipoporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Jengo kongwe huwa dhaifu zaidi pale linapofunguliwa.

Baada ya hapo ndipo tufike kwenye bafu. Kanuni yetu ni moja: mabafu yapangwe moja juu ya jengine, upande mmoja wa nyumba, karibu na ua ambako karo, yaani shimo la maji machafu, linaweza kufikiwa. Mabomba yapite nje ya ukuta, kwenye ua, pale fundi bomba anapoweza kuyaona na kuyagusa. Bomba lililozikwa ndani ya ukuta wa matumbawe likivuja, utajua miezi sita baadaye kwa boriti iliyokatika. Bomba la choo liwe la milimita 100 na lishuke sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Likienda mbali sana, mteremko wenyewe utakula kimo cha dari la chini, na hiyo ni dalili kwamba bafu lile limewekwa pasipo mahali pake.

Kukigawa chumba, usijenge tofali. Ukuta wa tofali za inchi sita wenye kimo cha mita tatu hupita kilo 700 kwa kila mita ya urefu wake, na wote huo unakalia boriti mbili tatu. Tumia mbao. Beseni kubwa la kuogea lenye lita 200 ni kilo 200 kabla mgeni hajaingia, kwa hiyo sisi tunasema hapana, hata kama picha zake zinapendeza. Na usimwage zege jipya juu ya sakafu ya chokaa: sentimita kumi tu ni kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Ondoa kwanza tabaka za juu zilizoongezwa baadaye, kisha sawazisha kwa chokaa nyepesi.

Juu yake weka utando wa kuzuia maji, upandishwe ukutani sentimita 15 pande zote na mita mbili pale penye bomba la mvua la kuogea. Sakafu iteremkie kwenye tundu la maji kwa sentimita moja na nusu hadi mbili kila mita. Kabla ya kubandika kigae hata kimoja, ziba tundu, jaza maji kina cha vidole viwili, na uyaache saa 24. Kisha shuka chini utazame dari. Kwa sababu hiyo tunapinga dari za jipsamu kwa nguvu zote. Zinaonekana safi, lakini zinaficha boriti, na boriti ikifichwa hakuna atakayeiona ikianza kulowa. Mgeni kutoka Ujerumani hupenda kulala akiziangalia boriti, na mwenye nyumba anatakiwa azipende zaidi.

Tangi la lita 1,000 ni tani moja. Likae chini, uani, na pampu isukume maji. Ukilazimika kuweka dogo juu, liweke penye makutano ya kuta mbili, si katikati ya paa. Mashine za kupozea hewa nazo huchuruzisha maji, na wakati wa joto la unyevu moja hutoa lita moja au zaidi kwa saa. Mpira wake ukining'inia dirishani, ukuta wa mtaani unakunywa lita kumi kila usiku. Upeleke kwenye bomba, au bora zaidi, jaribu kwanza pangaboi na madirisha mawili yanayotazamana. Vyumba hivi vina dari la mita nne kwa sababu waliovijenga walijua joto.

Ukimaliza hesabu hii, nyumba uliyodhani ni ya vyumba kumi inaweza kukuambia vinne. Ikubali. Ghorofa ya chini, ambayo ndiyo yenye unyevu kuliko zote, haifai kulaza mtu lakini inafaa sana kwa mkahawa: sakafu inayooshwa, meza chache, kahawa na mkate wa ufuta asubuhi, mlango wazi. Baraza iache ya mtaa. Wazee wakiendelea kukaa pale, mgeni amepata kitu ambacho hoteli ya ufukweni haina. Lile jengo la zamani la simu kule Shangani limekuwa hoteli kubwa, lakini Zahanati Kongwe iliyokarabatiwa miaka ya 1990 haikugeuzwa vyumba vya kulala, na bado imepata uhai. Si kila nyumba inataka vitanda.

Michoro yote ipite Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya nyundo ya kwanza, hata kama ni kubadilisha dirisha. Na hakikisha nani ndiye mwenyewe. Nyumba nyingi ni za Serikali au za wakfu, na mkataba mfupi wa kodi haulipi gharama ya chokaa iliyokaa miezi mitatu majini.

Mvua imekuwa manyunyu sasa. Atakayekwenda leo kuiangalia nyumba, abishe hodi na kwa jirani wa kulia na wa kushoto, aombe kuona bafu zao. Ukuta ni mmoja, na bomba linalovuja kwake linaozesha vichwa vya boriti vya kwako.