Bastola ya baruti, silinda ya risasi, na washauri waliokataa kusaini

Ukiishi Texas na una bastola ya kizamani ya baruti, lazima umeshaambiwa: "Hiyo kisheria si silaha, ifanye utakavyo." Mimi nimeambiwa kwenye nyama choma, kwenye uwanja wa shabaha, na mara moja msibani. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine ingeweza kunirudisha Tanga bila kupenda.

Yangu ni nakala ya Remington ya 1858 iliyotengenezwa Italia, fremu ya chuma. Kwa aliyewahi kuliona gobore la babu hakuna jipya: unamimina baruti katika kila tundu la silinda (kile kipande cha duara kinachozunguka), unashindilia goroli, unavika fataki kwa nyuma. Raha. Tatizo ni baada ya raha: masizi mpaka kwenye kucha, na usiku uko jikoni na maji ya moto, mke amesimama mlangoni anahesabu sufuria zake.

Sasa kuna silinda za kubadilishia. Unatoa ya zamani, unaweka mpya, unapiga risasi za ganda, zile ambazo baruti, fataki na goroli vimeshafungwa pamoja. Dola mia tatu na kitu, na mzigo unaletwa mpaka mlangoni, maana silinda peke yake si silaha kwa sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima. Bastola ya baruti nayo peke yake si silaha. Kwa hiyo watu wanajumlisha sifuri na sifuri, wanaona jibu ni sifuri.

Sheria yenyewe ni ya 1968. Inasema silaha ya kale haihesabiwi silaha, nayo ni iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, au nakala yake, mradi nakala hiyo haikuundwa kupiga risasi za ganda za kawaida. Silaha ya kushindilia inapoteza msamaha huo kama inageuzwa kirahisi kwa kubadili mtutu au kifungio cha nyuma. Silinda haikutajwa! Hapo ndipo mawakili wa kwenye nyama choma wanaposhangilia.

Mimi sikubishana nao. Nilichapa ushauri wao kwenye karatasi, maneno yao yale yale: "Namhakikishia mwenzangu kwamba bastola hii, ikiwekwa silinda ya risasi, si silaha mbele ya sheria." Chini nikaacha mstari wa jina na saini. Wa kwanza alicheka, akasema miwani yake iko kwenye gari. Akaenda garini, akawasha, akaondoka. Wa pili, fundi wa umeme anayejua kila kitu, aliisoma mara mbili, akaniuliza kama hii ni Texas tu au Marekani nzima, kisha akakumbuka mbavu zinaungua. Jiko halikuwa lake. Wa tatu alisaini, lakini kwa jina la shemeji yake.

Karatasi hiyo hiyo nikampelekea mwanasheria wa kulipwa, na alinikamua kisawasawa. Jibu lake lilikuwa fupi: kutotajwa kwa silinda kunailinda bastola ikiwa bado ya baruti. Silinda mpya ikishaingia, inapiga risasi za ganda, basi ni silaha kamili. Kuigeuza kwa matumizi yangu, hapa Texas, ruksa. Kugeuza za kuuza ni biashara ya utengenezaji, inataka leseni ya shirikisho. Mimi nina green card, na mkazi wa kudumu akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini. Kwangu hilo peke yake lilitosha kulipia ada.

Nilifarijika kusoma kwamba watengeneza bastola wa zamani pia waliteswa na karatasi. Rollin White alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya silinda iliyotobolewa mpaka nyuma, ile inayopokea risasi za ganda kwa nyuma, mwaka 1855, Smith & Wesson wakaishika. Mwaka 1868 Remington waliwalipa ili wageuze bastola zao. Colt wakahangaika na silinda ya kupakia risasi kwa mbele, kukwepa tu. Hataza ikaisha 1869.

Kichwa kiliniuma zaidi kwa mpwa wangu. Anaishi kwangu, ana viza ya mwanafunzi, hana leseni ya uwindaji. Mtu wa namna hiyo haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha, na kuachiwa nyumbani mahali anapoifikia kunaweza kuhesabiwa kuishika. "Mjomba, Jumamosi iliyopita si tulipiga wote?" Ndiyo, tulipiga kwa baruti. Sasa silinda mpya na risasi zake vimo kwenye sefu, namba naijua mimi peke yangu. Akija uwanjani anashindilia kama babu yake, na masizi anasafisha yeye.

Ah, fremu ya shaba njano usiijaribu, wanaotengeneza silinda hizo wenyewe wanakataza. Na risasi ziwe zile za nguvu ndogo.

Kaka yangu yuko New Jersey. Alipoona picha akataka nimnunulie moja, hata ya baruti tu, nimtumie. Kule hata ya baruti inahesabiwa bastola na inataka kibali cha kununulia. Nilimjibu aanzie polisi wa mji wake, kibali kikitoka anipigie.