Siku moja maishani mwangu: natunza picha mnato za sinema za zamani

Saa mbili na nusu asubuhi nipo kazini, Paris, kwenye hifadhi ndogo ya picha mnato za sinema, yaani picha za kamera ya kawaida zilizopigwa filamu zikitengenezwa. Naosha mikono, navaa glavu. Kahawa inabaki nje.

Saa tatu nafungua boksi la negativu, yaani vipande vya plastiki ambavyo picha huchapwa kutoka kwavyo, na jambo la kwanza ni kunusa. Negativu ikinuka siki, plastiki yake imeanza kuoza, na mvuke huo huambukiza zilizo jirani. Leo imepatikana bahasha moja ya hivyo, nimeitenga papo hapo.

Saa nne mpaka saa saba naskani. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Negativu za kamera aina ya Rolleiflex ni za mraba, 12 kwa roli, na ukiikuza moja kwenye skrini unaona mpaka uzi uliochomoza kwenye kola ya mwigizaji. Watu wengi hudhani picha hizi zimekatwa kutoka kwenye filamu yenyewe. Sivyo kabisa. Alikuwepo mpiga picha wake, na mara nyingi ilimbidi asubiri tukio liishe, ndipo waigizaji warudie pozi mbele yake, kwa sababu mlio wa kamera yake ungeharibu sauti. Lakini mwaka 1959, mwongozaji Jean-Luc Godard alipopiga filamu ya À bout de souffle mitaani humu, kamera ya filamu ilikuwa na kelele na sauti ziliingizwa baadaye. Raymond Cauchetier, mpiga picha mnato wa filamu hiyo, akapata uhuru wa kupiga alichotaka, hata kumpiga mpiga kamera Raoul Coutard akiwa amejificha na kamera ndani ya kigari cha posta. Ile picha maarufu ya waigizaji wake, Jean Seberg akimbusu Jean-Paul Belmondo shavuni pale Champs-Élysées, kwenye filamu haimo. Ni kazi ya Cauchetier.

Saa nane, baada ya chakula, napindua picha zilizochapwa kwenye karatasi. Nyuma kuna muhuri wa msambazaji, jina la filamu, mishale ya penseli nyekundu ya mhariri wa gazeti. Jina la mpiga picha, mara nyingi hakuna. Hilo linaniuma.

Saa kumi na moja jarida moja linaomba picha, maelezo yao yameandikwa “kutoka kwenye filamu”. Nimewarudishia nikiwa nimeweka jina la aliyeipiga mwanzoni kabisa. Ikichapishwa bila jina hilo, nawaandikia tena.